Dharura na Kiasi Chake
Napiga picha za CT, na mwongozo wangu ni fikihi: dharura hukadiriwa kwa kiasi chake. Aliyehalalishiwa nyamafu kwa njaa, wanazuoni wengi humtaka ale cha kuokoa roho tu. Mionzi nayo ni hivyo. Skani ya kawaida ya kifua ni takriban milisiveti 7. Ya dozi ndogo, 1.5 hivi. Ukipunguza dozi nusu, chengachenga kwenye picha huongezeka kama asilimia 40, na programu ya kuunda picha husafisha nyingi. Daktari wetu hulalamika picha ina mchanga. Namuuliza: unatafuta nini? Kinundu cha milimita 6 ndani ya pafu, ambalo kwenye picha ni jeusi, kinaonekana. Urembo unaozidi hapo hulipiwa na mgonjwa. Lakini akija mtu wa kilo 120, kiasi cha dharura yake ni kikubwa zaidi, nami naongeza dozi bila kusita.