Kiti cha Katikati

Karatasi ya maelekezo inayokuja ndani ya boksi la spika za sinema ya nyumbani huwa na mchoro ambao haubadiliki sana, seti iwe ya bei gani. Kuna runinga, kuna spika tano zilizozunguka sebule, kuna sabufa pembeni. Katikati kuna kiti. Kiti kimoja.

Mchoro huo una sayansi yake. Mwongozo wa Umoja wa Kimataifa wa Mawasiliano, ITU, unataka spika moja ikae mbele ya msikilizaji, za kushoto na kulia zikae nyuzi 30 kila upande, na mbili za mzunguko zikae kati ya nyuzi 100 na 120, yaani zipite masikio na kurudi nyuma kidogo. Ukizipanga hivyo kwa umbali ulio sawa, maneno ya mwigizaji yanatoka mdomoni mwake na mvua ya kwenye filamu inanyesha pande zote. Sogeza kiti mita moja kando, spika iliyo karibu inazimeza zenzake.

Siubishii mchoro. Ninachouliza ni nani amekalia kile kiti, na wengine wako wapi.

Tuuchukue mchoro huo hadi Chiwata, wilayani Masasi, upande ambao nchi inaanza kupanda kwenda uwanda wa Makonde. Kuanzia Oktoba minada ya korosho ikifunguliwa na malipo yakiingia, jasho la mwaka mzima linageuka mabati, ada, pikipiki, na kwa wengine seti ya spika. Nyumba nyingi za huku hazina dari. Ukuta kati ya sebule na chumba unaishia kwenye kenchi. Juu yake ni hewa na bati. Spika za nyuma zikitundikwa juu ya ukuta huo, zinahubiria vyumba viwili. Na Novemba ni mwezi wa mtihani wa Kidato cha Nne. Kijana aliyeinamia daftari upande wa pili hayumo kwenye mchoro, ila sauti haina habari hiyo.

Nyumba ya jirani mambo ni tofauti. Sauti nyembamba, ambazo ndizo zinazoyafanya maneno yaeleweke, huzuiwa na ukuta, pazia, hata godoro. Besi haizuiliki kirahisi. Sauti husafiri takribani mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo mtetemo wa mara 50 kwa sekunde una wimbi la karibu mita 7, refu kuliko sebule nyingi. Ndiyo maana fundi atakuambia sabufa unaweza kuiweka popote, sikio halijui inatokea wapi. Kweli. Lakini maana yake nyingine ni kwamba haikai popote. Wewe unapata hadithi nzima: maneno, muziki na kishindo. Jirani anapata kishindo peke yake. Ukuta umechuja kila kilichokuwa kizuri ukampelekea makapi.

Mwaka 1979 ilitoka filamu ya Apocalypse Now, kuhusu vita vya Vietnam, na mafundi wake wa sauti wakafanya helikopta zimzunguke mtazamaji kichwani. Ni miongoni mwa kazi zilizoifungulia njia sinema tunayoileta sebuleni leo. Sasa kumbuka tulipo. Vita vya ukombozi wa Msumbiji vilianza Septemba 1964, na maelfu ya watu walivuka Ruvuma kukimbilia kusini mwa Tanzania. Wapo wazee waliovuka wakiwa wadogo, wamebebwa migongoni. Helikopta inayozunguka kichwa ni burudani kwa anayejua kwamba haitashusha kitu. Bibi aliyelala nyumba ya pili haoni picha wala hasikii maneno. Kinachomfikia usiku ule ni mlipuko tu, na ukuta unaotikisika.

Mtu atanijibu: na ngoma je? Sindimba inachezwa, jando na unyago vinakesha, ngoma zinaota moto mpaka ngozi ikaze, na kijiji kizima hakilali. Mbona hatuwapelekei wazee hoja za desibeli?

Hoja hii ni nzito, na inanifanya niamini kwamba tatizo si ukubwa wa sauti peke yake. Ngoma ina siku yake, na watu wanaijua kabla haijafika. Unayeisikia kwa mbali unajua ni mtoto wa nani anayechezewa. Hata kama mengine ya ndani ni siri, uwanjani unaweza kwenda, ukala, ukapiga vigelegele. Kelele zake zinakuja na mwaliko. Sabufa inavuka ukuta bila kumwalika mtu: inampa jirani mzigo wa shughuli ambayo hakuambiwa na ambayo hana kiti ndani yake. Hata hivyo nisiipambe ngoma. Mgonjwa hapumziki kwa kuwa ngoma ni mila. Mwaliko hupunguza deni, haulifuti.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 ipo, na wasimamizi wa mazingira wana mamlaka ya kushughulikia kelele. Sheria inajua kupima. Haiwezi kunifundisha kumhesabu mtu ambaye hatalalamika kamwe, kwa sababu ni mzee, au kwa sababu seti ni ya mwenye nyumba naye ni mpangaji.

Wala simwambii kijana azime. Aliyepulizia mikorosho salfa, akaokota, akasubiri mnada, ana haki ya kukaa katikati ya kitu kizuri saa mbili kwa wiki. Maskini wameambiwa wanyamaze vya kutosha. Ila kuwa na katikati yako si sawa na kuwafanya wengine wote kuwa pembeni.

Bahati nzuri, fizikia iko upande wa ujirani. Kwenye uwazi, kila ukipunguza umbali kwa nusu, sauti inakufikia ikiwa na nguvu zaidi kwa karibu desibeli 6. Chumbani ongezeko ni dogo zaidi, lakini lipo. Basi sogeza kiti na spika zikaribiane, kisha punguza sauti. Ondoa sabufa kwenye kona, maana kona huongeza besi, na iweke mbali na ukuta unaotazamana na jirani. Spika ya katikati, inayobeba mazungumzo, iongeze kidogo; wengi hupandisha kila kitu kwa sababu tu hawasikii maneno. Ukimaliza kupima nyuzi, acha filamu ikiendelea, toka nje, zunguka nyumba mpaka usawa wa dirisha la jirani, usimame hapo kwa dakika tano.

Unachokisikia hapo ndicho unachompa. Kama kinakutosha wewe kulala, rudi ukakae.