JE, AHADI YA MLEZI HUMFUNGA MTOTO?

Wahenga walisema ahadi ni deni. Ndivyo tulivyowafundisha wanafunzi wetu, mpaka siku moja mmoja akatuuliza: "Na ahadi aliyoitoa mlezi wangu kabla sijapata akili, nayo ni deni langu?"

Swali hilo ndilo lililoikabili Tanganyika ilipopata uhuru tarehe 9 Desemba 1961. Waingereza walikuwa wamekwisha kufunga mikataba mingi kwa niaba yake. Mmoja ni ule wa mwaka 1929 kati ya Uingereza na Misri, kwamba katika nchi zilizokuwa chini ya Waingereza pasijengwe mitambo ya umwagiliaji wala ya umeme, katika Nile na maziwa yake, itakayopunguza maji ya Misri bila idhini yake. Mkulima wa Mwanza hakuulizwa.

Mwalimu Nyerere hakuichana mikataba, wala hakuipokea yote kwa kufumba macho. Aliuarifu Umoja wa Mataifa kwamba mikataba baina ya nchi mbili itaendelea kushikwa kwa miaka miwili, ili pande zote zipate kuzungumza; baada ya hapo, ambao haukuafikiwa upya ungekoma, isipokuwa kama sheria ya kimataifa ingeudumisha. Kuhusu ule wa Nile, mwaka 1962 serikali ilitangaza kuwa haufungi Tanganyika.

Je, Misri haikudhulumiwa? Iliiamini ahadi ile, na wakulima wake huishi kwa maji hayo. Neno hili ni zito. Sisi twaona hivi: mrithi hafungwi na ahadi asiyoitoa, lakini anafungwa na wajibu wa kumwarifu jirani na kuketi naye. Karatasi ikifa, kiu ya jirani haifi.

Ndiyo maana nchi za bonde la Nile zilizungumza kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Tanzania ilitia sahihi mkataba mpya huko Entebbe, na mwaka 2015 ikauridhia, ingawa Misri ilikataa kutia sahihi. Basi mazungumzo hayajafika mwisho.

Leo walezi ni sisi. Ibara ya 63 ya Katiba yetu imelipa Bunge kazi ya kujadili na kuridhia mikataba inayohitaji kuridhiwa. Basi tuwaulize wabunge wetu: mmeusoma? Maana sahihi ya leo italipwa na wajukuu, nao hawapo mezani kuulizwa.