Pigo Lile Lile? Tendo na Jina Lake katika Masimulizi ya Gouki

Swali la iwapo tendo hubaki lile lile linapohamishwa kutoka masimulizi fulani hadi mengine si geni kwa wahakiki wa fasihi simulizi. Albert Lord, katika The Singer of Tales (1960), alishikilia kwamba kwa mwimbaji wa tendi hakuna matini asilia ambayo maonyesho ya baadaye huipotosha. Kila onyesho lina uasilia wake. Msimamo huo umewafaa wengi. Hata hivyo, unahusu utungo wenyewe, wala hauhusu tendo linalosimuliwa ndani yake; na tendo hilo linapokuwa la kuua, ulegevu huo una gharama ya kimaadili. Makala haya yanalichunguza suala hilo kwa kumtazama mhusika wa michezo ya video ya Kijapani, Gouki, aitwaye Akuma nje ya Japani, pamoja na pigo lake maalumu, Shun Goku Satsu. Huenda baadhi ya wasomaji wakaona kwamba uwanja huu haustahili uhakiki. Pingamizi hilo liliwahi kutolewa dhidi ya riwaya pendwa pia, na halihitaji kujibiwa kwa urefu.

Gouki alijitokeza mara ya kwanza mwaka 1994 katika Super Street Fighter II Turbo, mchezo wa kampuni ya Capcom. Mchezaji aliyetimiza masharti fulani alifika kwenye pambano la mwisho akitarajia kukabiliana na M. Bison, mhalifu mkuu wa hadithi. Kabla ya pambano kuanza, Gouki aliteleza hadi alipokuwa Bison, kiwambo kikamemeteka, na Bison akaonekana chini, amekwisha. Mchezaji alikuwa mtazamaji tu. Hata yule aliyemchagua Gouki kwa njia ya siri hakupewa vitufe vya kulitoa pigo hilo. Maana yake katika masimulizi ni nzito: mpigwa hutiwa jahanamu papo hapo, na dhambi zake mwenyewe ndizo zinazomwangamiza. Hapa basi pigo lilikuwa tukio. Lilitokea mara moja, likamwondoa mtu duniani, na hadithi ikabadilika.

Mwaka 1995, katika Street Fighter Alpha, tukio likageuzwa kuwa chombo. Mchezaji aliyejaza akiba yake ya nguvu aliweza kubonyeza ngumi nyepesi mara mbili, mbele, teke jepesi, kisha ngumi nzito. Mapigo yalifichwa machoni, halafu Gouki akaonekana amesimama, amewapa watazamaji mgongo wenye herufi ya Kijapani yenye maana ya mbingu. Jina ni lile lile, umbo linatambulika. Lakini mpinzani aliyetiwa jahanamu huinuka katika raundi ya pili, akajipangusa, akapigana.

Inaweza kujibiwa kwamba hali hii haina ajabu, maadam mwigizaji wa Othello humuua Desdemona kila jioni bila yeyote kudai kuwa mauaji hayo yamepoteza uzito. Hoja hii ina mvuto, ila inachanganya mambo mawili. Katika tamthilia, kurudiwa kuko nje ya hadithi. Ndani ya kila onyesho Desdemona hufa, na Othello hana njia ya kulitengua alilolitenda. Katika Street Fighter Alpha, kurudiwa kumeingia ndani ya onyesho lenyewe. Aliyeuawa na aliyeua hukutana tena dakika hiyo hiyo. Kilichobaki ni ishara ya kuua, mfano wa sifa ambayo shujaa wa tendi hubandikwa kila atajwapo, awe ametenda jambo au amekaa tu.

Ni vigumu kutoona kwamba masimulizi nayo yaliifuata ishara hiyo. Gouken, kaka yake Gouki, alisimuliwa kwa miaka mingi kuwa aliuawa na ndugu yake huyo. Mwaka 2008, katika Street Fighter IV, akarudi akiwa hai. Hatia ya kumuua kaka, ambayo ndiyo iliyompa Gouki utisho wake wote, ikawa hatia ya kujaribu.

Mabadiliko makubwa zaidi yalitokea pigo lilipovuka mpaka wa Capcom na kuingia Tekken 7, katika toleo la 2016. Street Fighter hupanga vitufe kwa uzito wa pigo: nyepesi, la wastani, zito. Tekken hutoa kitufe kimoja kwa kila kiungo, mkono wa kushoto, wa kulia, na miguu vivyo hivyo. Kwa hiyo mfuatano wa zamani, uliopanda kutoka wepesi hadi uzito, ulibidi ufasiriwe katika lugha isiyo na uzito. Aidha, Gouki ameingia humo kulipa deni: Kazumi Mishima alimwomba amuue mumewe, Heihachi, na mwanawe, Kazuya. Heihachi anatoka hai katika pambano lake na Gouki, na anayemshinda hatimaye na kumtupa katika volkano ni Kazuya. Ulimwengu wa Tekken una daftari lake la dhambi, la baba na mwana, na haukumruhusu mgeni kulifunga.

Katika Street Fighter 6, ambamo Gouki aliongezwa Mei 2024, wabunifu walichukua njia nyingine. Shun Goku Satsu hupatikana tu pale uhai wa Gouki mwenyewe unapobaki takriban robo au chini ya hapo. Sharti hili laweza kupuuzwa kuwa la kiufundi, lakini kimaadili ni la maana kuliko mapambo yote ya kiwambo yaliyotangulia. Kwa mara nyingine anayelitoa pigo ana cha kupoteza. Hawezi kuua akiwa salama. Si uzito ule wa 1994, kwa kuwa hasara inayopimwa sasa ni ya mpigaji, ilhali hapo awali ilikuwa ya mpigwa. Mpigwa, kwa upande wake, bado huinuka raundi ya pili.