Kura Juu ya Mwili wa Mwanadamu

Mwaka 2009, katika Kilifi, Siaya na Kombewa upande wa Kenya, na katika Bagamoyo na Korogwe upande wa Tanzania, na vilevile katika nchi nyingine tano za Afrika, wazazi walianza kuombwa wawatoe watoto wao, wa wiki chache na wa miezi, waingie katika jaribio la chanjo ya malaria iitwayo RTS,S. Na hata orodha ilipofungwa, watoto 15,459 walikuwa wamekwisha andikwa. Haikuwa hiari ya mzazi, wala haikuwa hiari ya daktari, kusema ni yupi atakayepata chanjo ile na ni yupi atakayepata nyingine isiyohusu malaria, maana jambo hilo liliamuliwa kwa kura: theluthi mbili walipata chanjo iliyojaribiwa, na theluthi iliyobaki walipewa, wale wakubwa, chanjo ya kichaa cha mbwa, na wale wachanga, chanjo ya homa ya uti wa mgongo, ili sindano yao nayo isiwe bure. Je, ni halali, mbele ya Mungu na mbele ya akili, kuiachia kura afya ya mtoto ambaye hata kusema hajui?

Kwamba dawa haina budi kujaribiwa kwa mwanadamu, hilo wenye elimu walilikubali zamani sana. Ibn Sina, alipoweka masharti ya kuzijua nguvu za dawa katika Kanuni yake ya tiba, alitaka jaribio lifanywe katika mwili wa mtu, kwa kuwa lile linalotendeka katika mwili wa simba au wa farasi si hoja juu ya mwili wa binadamu. Na kabla yake Abu Bakr al-Razi, tabibu wa Rayy na Baghdad, alieleza jinsi alivyowaumika wagonjwa wa homa ya ubongo kundi moja, na kundi la pili akaliacha kwa makusudi, ili aione tofauti na kukata shauri. Maneno hayo ya al-Razi yanashtua hata leo. Tabibu, ambaye ahadi yake ni kwa mgonjwa aliye mbele ya macho yake, atawezaje kumwacha mgonjwa huyo kwa ajili ya wengine asiowajua, ambao pengine hawajazaliwa?

Wako wanaojibu kwa haraka kwamba hawezi, kwa sababu mwili ni amana, na aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuichezea kamari. Jibu hilo lina heshima yake, lakini linachanganya mambo mawili. Mcheza kamari hutafuta kumnyang'anya mwenziwe kwa bahati. Wapigao kura, ambao haki zao ni sawa na jicho lao halioni mbele, hutafuta kutodhulumiana. Kura iliwapata wasafiri wa chombo pamoja na Nabii Yunus. Wazee waliogombea kumlea Bibi Maryamu walitupa kalamu zao ili ijulikane nani atamlea. Na Wakristo husoma katika Matendo ya Mitume jinsi nafasi ya yule aliyemsaliti Bwana wake ilivyojazwa kwa kura. Mafakihi wengi waliikubali kura pale ambapo haki zimelingana na dalili ya kumtanguliza mmoja haipo. Bali pale ambapo haki ya mtu imekwisha dhihiri, kumpigia kura ni kumdhulumu. Sharti hilo naliona kuwa ndiyo mizani ya jambo zima.

Kwa maana hiyo, uhalali wa jaribio umesimama juu ya kutojua, tena kutojua kwa kweli. Sisemi ujinga wa mvivu ambaye hakusoma, nasema ule unaobaki baada ya vitabu kusomwa, wanyama kupimwa, na watu wachache wenye afya kutangulizwa, mpaka mtaalamu awe hana la kusema ila kwamba hajui ni njia ipi iliyo bora katika hizi mbili. Ni neno zito kwa tabibu, kwa kuwa mgonjwa amemjia akitumaini kwamba anajua. Wala tabibu hakosi kuwa na dhana yake moyoni. Lakini dhana ya mtu mmoja, hata awe bingwa, si yakini. Al-Razi mwenyewe alitoka katika jaribio lake akiamini kwamba kuumika kumewaponya wale, na leo hakuna tabibu anayemwaga damu kwa kutibu ugonjwa huo. Makundi yake aliyagawa yeye mwenyewe, na jicho linalogawa huweza, bila mwenyewe kukusudia, kuwapeleka walio dhaifu upande mmoja na walio imara upande wa pili. Kura haina kipenzi, na hiyo ndiyo fadhila yake.

Na ikiwa kutojua ndilo sharti la kura, basi kutojua kukiondoka, kura nayo imebatilika palepale. Katika Kisumu ya Kenya na Rakai ya Uganda, wanaume waliokubali kuingia katika jaribio la kutafuta kama tohara huzuia maambukizi ya VVU waligawanywa, wengine wakitahiriwa mara moja na wengine wakiambiwa wangoje. Desemba 2006, kamati ya watu wasio na shirika katika kazi ile ilipozifungua hesabu na kuona kwamba maambukizi kwa waliotahiriwa yamepungua kwa karibu nusu, majaribio yote mawili yalisimamishwa kabla ya muda wake, na wale waliokuwa wakingoja wakapewa nafasi ya tohara. Hiyo ilikuwa insafu. Kinyume chake ni kile kilichofanyika Tuskegee, katika jimbo la Alabama huko Marekani, tangu 1932 hata 1972, ambako watumishi wa afya wa serikali waliwatazama mamia ya wanaume weusi wakiliwa na kaswende, hali penisilini ilikuwa imekwisha kuwa dawa yake inayojulikana. Pale hapakuwa na kura wala shaka, palikuwa na watu wanaojua walionyamaza.

Lakini dhambi iliyo wazi haimfunzi sana mwenye kufikiri. Jambo linaloniumiza kichwa ni la karibu zaidi na kwetu. Mwaka 1994 ilithibitika, kwa kazi iliyofanywa Marekani na Ufaransa, kwamba dawa ya zidovudini, akipewa mama mwenye VVU wakati wa ujauzito na wa kujifungua, kisha akapewa mtoto, hupunguza kwa kadiri ya theluthi mbili hatari ya mtoto kuambukizwa. Hata hivyo, tangu 1996, katika jaribio lililoitwa Petra, kina mama wa Dar es Salaam, wa Kampala na wa Afrika Kusini waligawanywa kwa kura, na kundi moja likapewa vidonge visivyo na dawa. Watafiti hawakuwa watu waovu. Walitaka kujua kama dozi fupi, iliyo rahisi, yatosha, kwa kuwa ile ndefu hospitali zetu zisingeweza kuigharimia; na wakasema kwamba nje ya jaribio mama huyo asingepata chochote, basi hakuna alichonyang'anywa. Mwaka 1997 Marcia Angell, aliyekuwa mhariri katika jarida kubwa la madaktari wa Marekani, aliyashutumu majaribio ya namna hiyo akikumbusha Tuskegee. Baadhi ya madaktari wa Uganda wakamjibu kwamba Waafrika wana akili ya kujiamulia mambo yao.

Nimezipima hoja za pande zote mbili, na kila upande nimeuona una haki. Ni kweli kwamba dozi fupi zilizotokana na majaribio ya miaka ile ziliwaokoa watoto wetu wengi baadaye. Pamoja na hayo nasema kwamba kura ile haikutimiza sharti lake. Kwamba virusi vyaweza kuzuiwa, hilo lilikuwa limekwisha julikana. Kilichokosekana ni fedha, na umaskini si kutojua. Aliyepewa vidonge vitupu hakuwekwa katika kundi lile kwa sababu elimu ya wanadamu imefika ukomo wake, bali kwa sababu yeye ni mkazi wa mji ambao dawa haijaletwa, na watu walewale waliomwandika walikuwa na uwezo wa kuileta. Vidonge hivyo vilikomeshwa Februari 1998, mara habari zilipotoka Thailand kwamba dozi fupi inafaa.

Watu wengi hudhani kwamba ridhaa huondoa uzito huu wote: mama amesomewa fomu kwa lugha anayoifahamu, ameuliza, ametia sahihi au dole gumba, basi yamekwisha. Mimi sidharau ridhaa, lakini nataka kujua ilivyozaliwa. Ikiwa katika jaribio kuna daktari kila wakati, nauli ya kuja na kurudi, na dawa ya kila homa bila malipo, na nje ya jaribio kuna zahanati yenye rafu tupu, basi mama huyo hakuchagua baina ya kushiriki na kutoshiriki; amechagua baina ya kutibiwa na kutotibiwa, na hapo hata mwenye hekima angetia dole. Mwanafalsafa Hans Jonas, Myahudi wa Ujerumani ambaye mama yake aliuawa Auschwitz, aliandika mwaka 1969 kwamba wa kwanza kuitwa katika majaribio wawe wale wanaolielewa jambo na kulipenda lengo lake kuliko wote, yaani wataalamu wenyewe, na kwamba maskini na mfungwa na asiyejua waitwe mwisho kabisa.

Mfano unaokaribia utaratibu huo twaupata Bagamoyo. Mwaka 2012 vijana wa kiume kutoka vyuo vya elimu ya juu vya Dar es Salaam, watu wanaojua kusoma na kuhoji, walikubali kudungwa viini hai vya malaria, wakingojea viini vionekane katika damu ndipo watibiwe, ili chanjo za baadaye zipate kupimwa kwa haraka. Kijana wa namna hiyo akikataa, hapotezi tiba yoyote. Arudi chuoni kwake, na akiugua kesho ataonwa na daktari kama kawaida. Kamati za maadili, kabla hazijapiga muhuri wao juu ya jaribio lolote linalowahitaji watoto wa vijijini, zingeuliza jambo hili moja na kulisisitiza mpaka lipatikane, kwamba mama anayeirudisha fomu bila sahihi arudi nyumbani na dawa ileile ya homa ambayo mwanawe angepewa kama angeitia.