🌙 RAMADHANI, SIKU YA 17: ALIWEKA JIWE LA MSINGI, PAA HAKULIONA

Ndugu zangu wa Mwandoya, Allah azikubali swaumu zetu.

Leo twende Unguja kidogo. Ukishuka boti pale Malindi ukafuata barabara ya Mizingani, utaliona jumba kubwa lenye roshani za mbao zilizochongwa. Ni zahanati ya zamani. Limekarabatiwa likapendeza, na ndani wameweka maduka ya kuuzia watalii.

Lakini halikujengwa liwe duka. Tajiri Tharia Topan aliweka jiwe la msingi mwaka 1887, akikusudia hospitali ya maskini. Mwaka 1891 akafariki, jengo bado. Mjane wake ndiye aliyehakikisha linaisha, mwaka 1894. Pesa mzee alikuwa nazo, tena nyingi. Alichokosa ni miaka mitatu tu.

Baadaye watu walitibiwa humo kweli. Baada ya Mapinduzi ya 1964 likaachwa, likachakaa, mpaka taasisi ya Aga Khan ilipolikarabati, kazi ikaisha 1996. Hatulaumu mtu. Bila ukarabati huo huenda lingekuwa kifusi. Ila tuone: jengo hubadilika kazi. Leo dawa, kesho vinyago. Nia ya aliyelianzisha anaijua Allah, na ujira wa nia haupangishwi wala hauuzwi.

Sasa tuje kwetu. Wangapi tunasema, "Nikishauza pamba, nitatoa mfuko wa simenti wa madrasa"? "Ng'ombe wakinenepa, nitamkumbuka yule mjane jirani"? Ndugu yangu, nani kakupa risiti kwamba msimu utakukuta? Mtume wetu (s.a.w.) ametufundisha kuwa sadaka bora ni ile unayoitoa ukiwa mzima, mali unaipenda na umaskini unauogopa. Siyo ya kitandani, roho imefika kooni.

Na wewe uliyefiwa: kama baba au mama aliahidi jambo la kheri akaondoka, mfanyie kama mjane yule. Malizia.

📌 Kazi ya leo: ahadi moja uliyoiahirisha, itekeleze kabla ya adhana ya Magharibi. Huna pesa? Peleka debe la mahindi. Huna mahindi? Mchotee maji mgonjwa.

Yaa Allah, tujaalie tutangulize kheri kwa mikono yetu wenyewe, na uwarehemu wazee wetu waliotangulia. Aamin.

Mtumie na mwenzako. Wabillahi tawfiq.