Mwenyeji Aliyefanywa Mgeni

Waswahili husema, "Mgeni njoo, mwenyeji apone." Tangu shule ya sekondari nimeitumia methali hii katika insha nyingi kana kwamba maana yake ni moja tu, kwamba mgeni huja na baraka. Sikuwahi kujiuliza mwenyeji ni nani, wala anaugua nini hata amsubiri mgeni ili apone. Maswali hayo yalinijia Mafubira, nyumbani kwa bibi yangu, ambaye sote humwita jaja, alipoanza kutibiwa viungo baada ya kupatwa na kiharusi.

Mafubira iko nje kidogo ya katikati ya mji wa Jinja, na tangu mwaka 2020 imo ndani ya Jiji la Jinja. Hospitali haiko mbali. Lakini kwa mtu ambaye upande wake wa kulia haumtii, umbali haupimwi kwa kilomita. Kumpandisha jaja kwenye bodaboda kulihitaji watu wawili mbali na dereva: mmoja wa kumshika kiuno na mwingine wa kumwinulia mguu. Kukodi gari kila wiki kulitushinda. Basi tukakubaliana na mtaalamu mmoja wa fiziotherapia, ambaye tulimwita musawo kama anavyoitwa kwetu kila mhudumu wa afya, awe anakuja nyumbani kila Jumamosi.

Siku ya kwanza alimkuta jaja amekalishwa kitini, mito huku na huku, na shangazi yangu anamlisha uji. Musawo alisalimu, akakaa, akatazama kwa muda. Kisha akasema kwa upole, "Nyabo, naomba kijiko hicho umpe mwenyewe."

Shangazi alinyamaza kwa adabu, lakini musawo alipoondoka alifoka. "Mama aliyenizaa! Nimwache amwagikiwe na uji nami nimekaa namtazama? Majirani watasema nini?"

Mimi nilikuwa upande wa shangazi. Tumelelewa tukijua kwamba mzee hachoti maji wala habebi mzigo wakati mjukuu yupo. Anayemwacha mzee ahangaike hana malezi. Basi swali ninalotaka kulijadili ni hili: je, kumfanyia mgonjwa kila kitu ni kumheshimu, au ni kumnyang'anya kitu?

Tuanze na mwili wenyewe. Kiharusi hutokea damu inapozuiwa kufika sehemu ya ubongo, au mshipa unapopasuka ndani yake. Mkono unaolegea haujavunjika. Kilichoumia ni ile sehemu ya ubongo inayouamuru. Mwanasaikolojia wa Marekani Edward Taub aliwachunguza nyani waliopoteza hisia katika mkono mmoja. Waliacha kabisa kuutumia, lakini mkono mzima ulipofungwa walianza kuutumia tena ule mwingine. Sehemu ya ulemavu wao ilitokana na mazoea: walijaribu, wakashindwa, wakajifunza kutojaribu. Kutokana na uchunguzi huo ilibuniwa tiba ya wagonjwa wa kiharusi ambapo mkono mzima huzuiwa ili mkono dhaifu ulazimike kufanya kazi.

Niliposoma habari hizo niliona kwamba nyumbani kwetu jaja hakuhitaji hata mkono wake wa kushoto. Alikuwa na mikono yetu sote. Kila tulipomwahi kwa kijiko, kikombe au kitana, tulimfundisha kutojaribu.

Hapo sharti niseme ukweli unaoniaibisha. Nilipomlisha jaja, kazi iliisha kwa dakika kumi. Alipojilisha mwenyewe, tulikaa dakika arobaini, na nguo za kufua zikaongezeka. Nilikuwa nikijiambia kwamba ninamlisha kwa huruma. Je, nilimhurumia jaja, au nilizihurumia dakika zangu? Mwanafalsafa Mjerumani Immanuel Kant, katika kitabu chake cha mwaka 1785 kuhusu misingi ya maadili, alisisitiza kwamba binadamu asitumiwe kama chombo tu cha kutimizia lengo la mtu mwingine. Kwa kawaida tunapotoa mfano wa jambo hilo tunataja utumwa au unyonyaji. Lakini hata mgonjwa anayelishwa vizuri anaweza kugeuzwa chombo. Jaja alikuwa chombo cha kuwaonyesha majirani kwamba sisi ni watoto wema.

Mtu anaweza kunipinga kwamba hoja hii ni hatari. Ni kweli. Yupo atakayemwacha mama yake na njaa na kusema, "Anafanya mazoezi." Tofauti, kwa maoni yangu, inaonekana katika muda ambao msaidizi anautoa. Anayetelekeza huondoka. Anayesaidia hubaki pale pale, mkono wake ukiwa tayari chini ya kikombe, na hutumia muda mrefu kuliko ambao angetumia kama angefanya kazi hiyo mwenyewe. Na musawo alikuja mara moja tu kwa wiki. Siku sita zilizobaki zilikuwa za shangazi. Anayesifu matibabu ya nyumbani bila kuuliza nani atabeba siku hizo sita hajamaliza kufikiri.

Pingamizi la pili ni zito zaidi. Vipi kama mgonjwa mwenyewe hataki? Wiki ya tano jaja alikataa. "Niacheni," alisema. "Nimezeeka. Mkono umetangulia, nami nitaufuata." Shangazi alitaka kumlazimisha, mimi nilitaka aachwe. Musawo hakufanya moja wala jingine. Aliuliza, "Jaja, kama mkono huu ungerudi leo, ungefanya nini kwanza?"

Jaja alikaa kimya muda mrefu. "Ningempa mgeni karanga," akajibu.

Ndipo nikaelewa jambo nililoliona kila siku bila kulitambua. Kwetu, kumpa mtu kitu kwa mkono wa kushoto ni kumvunjia heshima. Tangu augue, jaja aliomba aingizwe chumbani kila wageni walipofika. Tulidhani amechoka. Kumbe aliona haya, kwa kuwa hakuwa na mkono wa kuwapokea. Kiharusi kilimlegeza mkono, na sisi kwa wema wetu tukamalizia: tukamfanya mgeni katika nyumba aliyoijenga. Alikalishwa, akahudumiwa, akaulizwa kama ameshiba. Tena methali nyingine yasema, "Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe." Nilizoea kuiona kama onyo kwa wavivu. Sasa naona ina heshima ndani yake. Anayepewa jembe amekubaliwa kuwa mtu wa nyumbani. Sisi tulimnyima jaja jembe kwa miezi.

Kuanzia Jumamosi hiyo musawo aliacha mpira wa mazoezi aliokuwa akija nao. Aliomba ungo, akamwaga karanga, na jaja akawa anaziokota moja moja kuzitia kikombeni. Jambo hilo lisingewezekana kirahisi katika wodi, ambako hakuna ungo wala wageni wa jaja. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006, ambao Uganda iliuridhia mwaka 2008, unataka huduma za utengamao zipatikane karibu iwezekanavyo na jamii wanamoishi wanaozihitaji. Zamani ningesema sababu yake ni nauli. Sasa naongeza kwamba nyumbani ndiko mgonjwa anakojua anataka kupona ili afanye nini.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba heshima haipimwi kwa wingi wa mambo tunayomfanyia mgonjwa. Kwanza tumuulize anataka kurudi kuwa nani, kisha tutoe muda wetu ili afike mwenyewe, hata kama macho ya majirani yatatuhukumu. Na akisema hapana baada ya kuulizwa na kusikilizwa, nadhani hapana hiyo nayo ni yake.

Mkono wa jaja haujarudi wote. Kumenya viazi bado hawezi. Lakini Jumamosi moja kabla sijarudi chuoni, musawo alipoaga, jaja alimwambia asubiri. Alichukua sahani ya karanga kwa mkono wa kulia, wa kushoto ukiushikilia kwa chini, akamnyoshea. Sahani ilitetemeka, na karanga kadhaa zikaanguka mkekani. Shangazi alinitazama, nami nikamtazama. Hakuna aliyeinama kuziokota mpaka musawo alipopokea.