Kioo Huvunjika Kinapopoa

Ile sufuria mliyoniletea Jumamosi, wanangu, irudisheni jikoni. Najua mliitazama mkaona kalibu ya bakuli la taa imeshapatikana: duara safi, mdomo mpana, kina cha kutosha. Lakini hiyo ni alumini, na alumini huyeyuka kwenye nyuzi joto 660. Kioo cha dirisha cha milimita 6 tunakilegeza kati ya 650 na 720. Kabla kioo hakijamaliza kujilaza, kalibu yenyewe ingekuwa imemwagika kwenye sakafu ya tanuri kama uji, na tanuri lile limetugharimu mavuno ya misimu miwili.

Siwagombezi. Mwaka huu mmepata kazi kubwa, taa za kuning'inia zenye upana wa sentimita 60, kwa ajili ya nyumba za wageni zilizo kwenye barabara yetu hii inayotoka Iringa mjini, ikapita Kalenga, ikaelekea Hifadhi ya Ruaha. Nimefurahi, na nimeingiwa na hofu vilevile, kwa sababu nimewaona mkichagua kalibu kama mtu anavyochagua kitenge, kwa kuitazama sura. Mimi naomba muichague kwa namna inavyopoa.

Fundi mchanga huogopa moto. Hukaa mbele ya tanuri akihesabu nyuzi zinavyopanda, na zikishafika juu hushusha pumzi akaenda kulala. Kumbe kule juu ndiko kioo kisikokuwa na ubishi. Kikipashwa polepole hulegea kama ngozi iliyolowekwa usiku kucha, kikafuata umbo mlilokipa. Ugomvi huanza wakati wa kushuka. Kwenye 550 hivi kioo cha dirisha kinakuwa kigumu tena, na kuanzia hapo kinasinyaa. Kalibu nayo inasinyaa, ila kila kimoja kwa mwendo wake.

Chukueni kalamu. Kioo chenye upana wa sentimita 60 kikishuka kutoka 550 hadi joto la asubuhi ya Kalenga, kinapungua karibu milimita 3. Chuma cha stenlesi cha upana huohuo kinapungua zaidi ya milimita 5. Udongo uliochomwa, kwa kawaida, hauzidi sana milimita 2. Mnaziona tofauti hizo ni ndogo? Ndizo zimejaza pipa la vipande lililoko nyuma ya karakana.

Hebu ziangalieni vizuri. Ukikilaza kioo ndani ya bakuli la udongo, kinapopoa kinajikunja kuelekea katikati, kinabanduka kwenye ukuta wa kalibu, na asubuhi unakinyanyua kwa mikono miwili bila kukivuta. Ukikifunika kioo hichohicho juu ya chungu kilichogeuzwa kifudifudi, kinasinyaa kuliko chungu, kinakikaba, na kwa kuwa chungu hakirudi nyuma, kioo ndicho kinachopasuka. Kwa stenlesi mambo yanageuka. Kioo kikiwa juu yake, chuma kinanywea upesi zaidi na kukiachia. Kioo kikiwa ndani yake, chuma kinakiminya pande zote. Kwa hiyo udongo upokee kioo tumboni, na stenlesi ikibebe mgongoni. Mkitaka taa iliyoinama kama kofia, yenye mikunjo ya kitambaa inayoshuka chini, tafuteni stenlesi. Mkitaka bakuli pana lenye tumbo laini, fanyeni udongo.

Hili sikulisoma mahali. Taa yangu kubwa ya kwanza niliifunika juu ya chungu cha Wakisi nilichokinunua Matema, kizuri mno, nikakigeuza kifudifudi. Alfajiri nikasikia mlio mmoja ndani ya tanuri, mkavu, kama kuni inayovunjwa gotini. Chungu kilitoka kizima. Kwa siku kadhaa nilikilaumu kioo.

Chungu kile hakikuwa na kosa, na ninawaomba msiwadharau waliokifinyanga. Wanawake wa Kikisi wa Ikombe, kando ya Ziwa Nyasa, hutoa vyungu vinavyopelekwa kwa mtumbwi hadi sokoni Matema, vikapanda mlima mpaka Tukuyu na Mbeya. Kishikeni kimoja mkononi, mpitishe dole gumba ndani na vidole nje, kutoka mdomoni hadi kitakoni. Ukuta ni mwembamba, na unene hauchezi sana. Mkono uliofanya vile unajua jambo ambalo wengi wetu tulio na mashine hatulijui. Ila vyungu hivyo huchomwa mahali pa wazi kwa moto mdogo, na havikukusudiwa kwenda kwenye joto letu mara ishirini. Kalibu yenu ichomeni kwanza, bila kioo, mpaka ipite joto mtakalofanyia kazi. Na iwe kavu kabisa kabla ya hapo, kwa sababu maji yaliyojificha kwenye udongo hugeuka mvuke na kuupasua. Saruji msiitumie kabisa. Inashika maji ndani kwa ndani, na kwenye joto letu inabomoka.

Unene wa kalibu ndio uliniumiza kuliko jambo lolote katika kazi hii. Nilitengeneza kalibu ya udongo yenye kitako cha sentimita 4 na ukingo wa sentimita 1, nikidhani unene ni uimara. Kioo kilijilaza vizuri. Nikakiachia kipoe kwa muda uleule niliozoea kwa sahani ndogo. Kile kitako kinene kilishika joto kama jiwe la mafiga, kikawa kinaendelea kukipasha kioo katikati huku ukingo umeshapoa. Kioo kikaganda kikiwa na mvutano ndani yake. Kwa macho hakikuwa na dosari yoyote. Nikakiuza, kikatundikwa juu ya meza ya chakula. Zaidi ya miezi miwili ilipita, halafu usiku mmoja, bila kuguswa na mtu, kikapasuka na kuanguka. Asubuhi niliitwa. Mezani palikuwa na kiti cha mtoto.

Ule usiku hakukuwa na mtu pale. Lakini kiti kile sijakisahau, na ndiyo maana nawasumbua kwa mambo ya milimita na nyuzi. Sahani ikivunjika, unafagia. Taa iko juu ya vichwa vya watu. Mita moja ya mraba ya kioo cha milimita 6 ina uzito wa kilo 15, kwa hiyo duara la sentimita 60 ni zaidi ya kilo 4.

Basi kalibu ya udongo iwe na unene mmoja, sentimita moja na nusu hivi, na isikae moja kwa moja kwenye rafu ya tanuri. Iinueni juu ya vipande vitatu vya tofali la moto ili joto lizunguke chini yake. Mkishuka hadi 550, simameni hapo saa moja au mbili kwa kioo cha unene huo ndani ya kalibu kubwa, kisha shukeni polepole. Umeme ukikatika, msifungue tanuri kuchungulia. Andikeni joto lilikuwa ngapi na saa ngapi. Kama ulikatika juu ya 550, ukirudi pandisheni tena taratibu, mkipumzishe kioo upya.

Kalibu iwe na matundu madogo kwenye sehemu ya chini kabisa, la sivyo hewa itanaswa na kukiinua kioo kama chapati. Kabla ya kuweka kioo, pakeni rojo ya kaolini iliyochanganywa na unga wa alumina, tabaka nyembamba nne au tano. Kaolini iko Pugu, na hapa kwetu ipo Malangali, upande wa Mufindi. Stenlesi haiipokei rojo hiyo ikiwa laini na baridi. Ikwaruzeni kwa msasa, muipashe, ndipo mpake. Mabati yenye zinki yasiingie kwenye tanuri, moshi wake ni sumu. Na msiunganishe kioo cha dirisha na vipande vya chupa katika taa moja. Kioo cha kiwanda cha Mkuranga kilichozinduliwa 2023 na chupa za Kioo Limited ya Dar es Salaam ni watoto wa mama mbalimbali. Vinasinyaa tofauti, na hakuna kalibu itakayovipatanisha.

Sasa nije kwenye umbo mlilolichora. Mmoja wenu ametaka taa yenye sura ya gudulia, shingo nyembamba na tumbo kubwa. Liacheni hilo. Kioo bapa hakiwezi kupita shingoni, na hata kingepita kisingetoka. Hiyo ni kazi ya wapuliza kioo, kama wale wa Kitengela kule Kenya. Mwingine amechora ngao ya Kihehe, akisema wageni wanaokuja kwenye makumbusho yetu kuona fuvu la Mtwa Mkwawa, lililorudishwa kutoka Ujerumani mwaka 1954, watataka kununua kitu chenye kumbukumbu ya mahali hapa. Huyo nimemsikiliza mara mbili. Ngao ni ndefu, imeinama kidogo tu, haina mahali pa kukinasa kioo. Kioo hakivutwi sana, unene haupungui upande mmoja, na matundu ya waya tunaweza kuyatoboa kwenye kioo bapa kabla ya kukilaza, maana sehemu ya katikati haitavutika kiasi cha kuyaharibu. Kalibu ya namna hii ningeichagua hata kama haingekuwa na jina la babu zetu.

Nimeshaanza kuifinyanga. Ipo kivulini nyuma ya nyumba, imefunikwa gunia lenye unyevu ili ikauke taratibu, na kwa baridi hii ya Juni itachukua wiki tatu. Msiisogeze juani.

Kioo cha kwanza kikitoka, tutakisimamisha mbele ya mwanga wa skrini ya kompyuta, mmoja wenu avae ile miwani ya jua ya polaroidi. Mkiona mabaka yanayong'aa au rangi za upinde wa mvua, hapo pana mvutano, na kitarudi tanurini. Kikiwa safi, kitaning'inia zaidi ya miezi miwili juu ya sakafu tupu ya karakana, kwa waya tatu za chuma. Baada ya hapo, wekeni kiti changu chini yake.